Kuingia Mapango ya Amboni: cha kubeba, namna ya kupita na pa kuwa mwangalifu

Kila likizo ikikaribia maswali ni yaleyale. Ndani kuna umeme? Nikivaa dera nitapita? Mtoto wa miaka minne anaweza? Popo wanauma? Na zile habari za watu kuingilia Tanga na kutokea Mombasa ni za kweli? Mwongozo huu unajibu hayo kwa kufuata safari yenyewe, tangu unapotoka mjini hadi unapoosha mikono nje ya pango.

Mapango yako Kiomoni, kama kilomita 8 kaskazini mwa jiji la Tanga, nje kidogo ya barabara ya Horohoro, kando ya Mto Mkulumuzi. Mwamba wake ni wa chokaa, una umri wa miaka kama milioni 150, na maji ndiyo yaliyoula taratibu mpaka zikapatikana njia na vyumba. Eneo lilianza kuhifadhiwa mwaka 1937, wakati wa Waingereza, na siku hizi linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kuhusu Mombasa: upimaji uliofanywa mwaka 1994 na watafiti wa Kijerumani na Kituruki ulikuta mapango 10 yasiyoungana, na refu kuliko yote lina mita 900. Mombasa haifikiki kwa njia hiyo. Wageni hutembezwa katika pango moja kati ya hayo, na ndilo tunalolizungumzia hapa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

Taa ndiyo ya kwanza, na ndiyo watu wanayoidharau kuliko vyote. Hata ukikuta pana taa zimefungwa mahali fulani, umeme hukatika, na giza la pangoni si giza la usiku: hakuna nyota wala mwanga wa jirani, na macho hayalizoei hata ukikaa saa nzima. Kila mtu mzima awe na taa yake, na kila kikundi kiwe na ya akiba. Iliyo bora ni tochi ya kichwa, kwa sababu mikono yote miwili inabaki huru kushika mwamba. Lumeni (kipimo cha nguvu ya mwanga) 150 hadi 200 zinatosha. Ukipita hapo unawaumiza macho wenzako na kuwasumbua popo. Taa ya simu ihesabu kuwa ya akiba tu: inakula chaji, inachukua mkono mmoja, na ikikuponyoka kwenye ufa umepoteza taa na simu kwa pamoja.

Waliowahi kutembelea migodi ya makaa ya mawe iliyogeuzwa makumbusho huchanganyikiwa hapa. Kule Big Pit, Wales, mgodi uliofungwa mwaka 1980, mgeni hushushwa mita 90 chini ya ardhi akiwa amevalishwa kofia na taa ya pale pale, na kila kitu chake chenye betri hukiacha juu, simu na saa vikiwemo, kwa kuwa makaa ya mawe hutoa gesi ya methane inayoweza kulipuliwa na cheche ndogo tu. Amboni ni chokaa, haina gesi hiyo. Basi huku fanya kinyume: beba betri zako na za akiba, wala usitarajie kuvalishwa chochote mlangoni.

Vingine ni hivi:

- Viatu vya kufunika vidole, vyenye soli ya meno. Raba ya kawaida inafaa ikiwa soli haijalika. Ndala, sandozi na viatu vya ngozi vyenye soli laini viache nyumbani, kwani chokaa iliyolowa inateleza na kinyesi cha popo kinateleza zaidi.
- Suruali ndefu ya kitambaa kinachovutika. Dera na baibui hukanyagwa kwenye kupanda na kunasa kwenye ncha za mawe. Ukipenda kubaki nalo, vaa suruali ndani, kisha likunje na kulifunga kiunoni kwa kanga kabla ya kuingia.
- Kofia. Kofia ngumu ya fundi ujenzi ndiyo hasa. Helmeti ya bodaboda haifai: ni nzito, inaziba masikio, na inakuzuia kuona dari. Ukikosa kofia ngumu, hata kofia ya kitambaa kizito hupunguza mikwaruzo.
- Barakoa, moja kwa kila mtu na mbili kwa mwenye pumu.
- Maji lita moja kwa kila mtu, na sabuni ya kunawia. Sweta usibebe. Joto la pango hukaribia wastani wa mwaka wa mahali lilipo, na kwa Tanga ni kama nyuzi 26, tena kwa unyevu mwingi. Utatoka jasho.
- Begi dogo la mgongoni, lisilozidi upana wa mabega yako. La begani linaning'inia na kukuvuta upande mmoja pale unapohitaji kusimama sawasawa.
- Kitambulisho. Viingilio vya raia na vya wageni kutoka nje havilingani, kwa hiyo beba cha NIDA au kingine kinachotambulika. Wanafunzi waje na barua ya shule yenye mhuri na idadi yao.

Nani asiingie, au aingie nusu

Mwenye pumu iliyomsumbua wiki hiyo, mjamzito aliyekaribia kujifungua, mwenye kinga dhaifu ya mwili na mwenye maumivu makali ya goti wabaki nje au waishie chumba cha kwanza. Mtoto chini ya miaka mitano mara nyingi hulia gizani, na ukimbeba mgongoni unasahau kwamba kichwa chake kiko juu ya chako. Yeye ndiye anayegonga dari.

Kama hujui utaweza au la, jipime nyumbani: pita chini ya meza ya kulia chakula kwa kuchutama, bila goti kugusa sakafu, kwenda na kurudi mara tatu. Ukiona taabu si lazima uahirishe safari, lakini mwambie mwongozaji mapema akupitishe njia fupi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku na saa. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia ya udongo ya Kiomoni hugeuka tope na miamba ya mlangoni inateleza. Mvua za vuli nazo huleta hali hiyohiyo, ingawa kwa siku chache chache. Ikiwa imenyesha usiku kucha, ahirisha angalau hadi kesho yake. Fika saa tatu au nne asubuhi: jua halijawa kali, na mnabaki na muda wa kutosha hata likitokea la kuchelewesha.

2. Toka mjini. Usafiri wa umma ni daladala za Amboni. Mwambie konda akushushe njia panda ya mapango, na umkumbushe mkishapita katikati ya safari, maana kwenye kelele za abiria anasahau. Kutoka barabara kuu hadi Kiomoni ni kama kilomita 2.5, kwa miguu au kwa bodaboda. Mkiwa watatu au wanne, bajaji ya kukodi ni rahisi zaidi, ila patana kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri kabla hamjapanda. Ukimlipa dereva yote mwanzoni, huenda mkatoka pangoni mkakuta ameshapata abiria wengine.

3. Lipa kwa njia rasmi. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile inayoanzia na 99, nawe utalipa kwa simu au benki. Hakikisha kwenye simu una salio la kiingilio na la makato. Usimkabidhi mtu fedha taslimu njiani kwa ahadi kwamba atakupitisha. Hilo hutokea kwenye vivutio vingi, na mwishowe mgeni hulipa mara mbili. Subiri ujumbe wa uthibitisho uingie ndipo usogee.

4. Mchukue mwongozaji na umweleze hali yenu. Usiingie bila yeye hata kama ulishawahi kufika. Mwambie mambo matatu: mko wangapi, nani ana tatizo la kiafya au anaogopa sehemu finyu, na mna muda gani. Ukinyamaza kuhusu yule anayeogopa, litajulikana mkiwa katikati, mahali ambapo kugeuka ni kazi.

5. Kagua taa mkiwa bado juani. Washa kila moja na uitikise kidogo mkononi. Inayopepesa ina betri iliyolegea au kutu kwenye chuma cha ndani. Ifungue, sugua ncha za betri kwa kitambaa kikavu, irudishe. Tochi ya kichwa ielekeze chini kidogo, iangaze hatua mbili mbele yako, si usoni mwa mwenzako. Chakula, vinywaji vyenye sukari na manukato viache nje. Makombo huvuta panya na wadudu ndani.

6. Pangeni mstari. Mwongozaji mbele, mtu mzima mwenye taa nzuri nyuma kabisa, watoto na waoga nafasi ya pili na ya tatu, karibu na mwongozaji. Kwa shule: wanafunzi 10 kwa kundi, mwalimu mmoja nyuma ya kila kundi, na kundi la pili lisiingie mpaka la kwanza limepita sehemu finyu ya mwanzo. Hesabuni mlangoni, hesabuni katika kila chumba kikubwa, hesabuni mkitoka. Kila mtoto atamke namba yake mwenyewe kwa sauti. Mwalimu anayehesabu vichwa gizani humhesabu mmoja mara mbili.

7. Simameni hatua chache ndani ya mlango kwa dakika tano. Macho yaliyotoka kwenye jua la Tanga hayaoni kitu. Wengi wanaojigonga, hujigonga katika mita ishirini za kwanza kwa sababu wamepitiliza moja kwa moja. Vaeni barakoa hapo.

8. Tembea kwa mshiko. Kanuni ni viungo vitatu vimeshika, kimoja kinasogea: ama miguu miwili na mkono mmoja, ama mikono miwili na mguu mmoja. Kanyaga kwa soli nzima, wala usiruke hata kama ni hatua ndogo. Kabla ya kuweka mkono popote, pamulike kwanza. Pale pafinyu fuata utaratibu huu: vua begi ulivae kifuani au umpe aliye mbele, chutama kabla hujafika kwenye dari fupi badala ya kuinama ukiwa tayari chini yake, tazama dari na si miguu, kisha sogea kwa hatua fupi. Ukishapita usisimame haraka. Inua mkono juu ya kichwa upapase, ndipo ujinyooshe. Wanaochanika kichwa huchanika wanapotoka kwenye kipenyo, wakidhani dari imekwisha.

9. Tazama maumbo, usiyaguse. Mwongozaji atawaonyesha mwamba uliofanana na Kilimanjaro, mwingine na Sanamu ya Uhuru ya New York, mwingine na makochi ya sebuleni. Yale yanayoning'inia kutoka darini na yanayoota kutoka chini yamejengwa na matone ya maji yenye chokaa, na mwaka mzima hayaongezeki hata milimita moja. Mafuta ya kiganja yakibaki juu ya mwamba, chokaa mpya haishiki vizuri na rangi hugeuka nyeusi. Kuna sehemu zimeshakuwa nyeusi na kung'aa kwa mikono ya watu, na kuna kuta zilizochorwa majina. Mtoto akitaka kuandika lake, mzuie hapohapo. Hakuna mvua ya kulifuta humo, litabaki baada ya wajukuu wake.

10. Piga picha kwa adabu. Ukitoka kwenye hewa ya nje, lenzi ya simu huingia ukungu. Usiisugue kwa kidole chenye jasho, iache dakika kadhaa ipate joto la mle ndani, kisha ifute kwa kitambaa kikavu. Usimulike wala kupiga flashi kuelekea popo. Wakishtuka wanaruka wote, vumbi la kinyesi linashuka juu yenu, na wenye vichanga huwadondosha. Badala ya flashi, weka simu juu ya jiwe, mwenzako amulike mwamba kwa tochi kutoka pembeni. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa umbo, wa mbele hulifanya bapa.

11. Mkifika kwenye mzimu, punguzeni sauti. Pana mahali ambapo watu wa hapa, Wadigo, Wabondei, Wasambaa na Wasegeju, wamekuwa wakileta sadaka na maombi tangu zamani. Mtaona walichokiacha. Usikishike, usikisogeze ili picha ipendeze, usikiokote hata kama ni sarafu. Mkikuta mtu yuko kwenye maombi yake, simameni mbali mpaka amalize, na kama ni mtu mzima mwamkieni anapotoka. Imani yako ni yako. Hapo upo kwa watu.

12. Muulize mwongozaji historia, lakini mkiwa mmesimama. Wengi huomba kisa cha Osale Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na polisi wa kikoloni miaka ya 1950 na wanaosimuliwa kujificha humu. Ni kisa kizuri, na kwa sababu hiyohiyo msikilizaji hukanyaga pasipo. Subirini chumba kipana. Vilevile mkitaka kuonja giza kamili, kaeni chini wote kwanza, ndipo mzime taa kwa dakika moja. Aliyesimama gizani hupepesuka.

13. Tokeni bila kukimbilia mwanga. Simameni karibu na mlango mpaka macho yazoee, hesabuni watu, zimeni taa. Nje kung'uteni viatu, naweni mikono kwa sabuni kabla ya kula au kugusa uso. Dafu linangoja, sabuni kwanza. Nguo za pangoni ziende kwenye mfuko wake, zisichanganywe na chakula wala kukumbatiwa na mtoto mdogo garini.

Kwa ziara ya ndani tenga saa moja, na saa moja na nusu kwa kundi la shule. Ukiongeza njia na malipo, ni nusu siku.

Makosa yanayojirudia

Kuingia watu 30 kwa mwongozaji mmoja ndilo baya kuliko yote. Wa nyuma hawasikii maelezo, wanaanza kuzungumza, wanabaki, na mstari unakatika kwenye njia panda. Bora mgawanyike, wengine wasubiri nje kivulini.

La pili ni kuja baada ya mlo mzito. Kuchutama na tumbo lililojaa katika joto la nyuzi 26 huleta kichefuchefu. Kuleni kidogo asubuhi, mle vizuri mkitoka.

La tatu ni kufuata kijana wa njiani anayejitolea kuwapeleka pango jingine "lisilo na watu". Hayo mengine hayana njia ya wageni, na mkipatwa na jambo hakuna aliyeandika kwamba mmeingia.

Likitokea tatizo

*Taa imezimika.* Simama hapo hapo, usipige hata hatua moja. Sema "taa" kwa sauti, wa mbele na wa nyuma wasimame. Mwenye ya akiba ndiye anayesogea, si wewe.

*Mtu amepatwa na hofu kwenye njia finyu.* Usimvute wala kumsukuma. Mwelekezee taa chini miguuni pake, si usoni, mwache apumue nje kwa muda mrefu kuliko anavyovuta ndani, mara kumi. Kisha mwulize anataka kwenda mbele au kurudi, na mwongozaji aseme upande upi ni mfupi. Akitaka kutoka, anatoka na mtu mzima mwenye taa. Asitoke peke yake.

*Amekwama begi au nguo.* Arudi nyuma hatua moja. Kung'ang'ania mbele hukaza zaidi. Karibu kila mara kilichonasa ni mkanda wa begi.

*Kichwa kinauma, pumzi zinakwenda mbio.* Huenda ni joto, huenda ni hewa nzito, kwa kuwa kaboni dioksidi hukusanyika sehemu za chini zisizopitisha upepo. Usikae kujipima ni lipi. Inuka, rudini upande wenye mlango, na mwambie mwongozaji ni chumba gani.

*Kifundo cha mguu kimeteguka.* Usivue kiatu, kinasaidia kubana uvimbe. Mfunge kwa kanga kuzunguka kiatu na kifundo, atoke kwa kusaidiwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Njia haina upana wa watatu sambamba.

*Popo amekwaruza au kuuma mtu.* Ni nadra, hutokea kwa anayejaribu kumshika. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, Bombo kwa mfano, useme wazi kwamba ni popo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na popo pia, na chanjo hufaa kabla ya dalili, si baada yake. Usingoje uone kama patavimba.

*Homa na kikohozi siku chache baadaye.* Vumbi la kinyesi cha popo linaweza kubeba kuvu anayeitwa histoplasma. Wengi hawaumwi chochote. Kwa wanaoumwa, dalili hutokea kati ya siku 3 na 17: homa, uchovu, kikohozi, maumivu ya kifua. Hufanana na mafua makali au nimonia, kwa hiyo daktari asipoambiwa hatalifikiria. Mwambie uliingia pangoni, na tarehe.

*Mvua imeanza mkiwa ndani.* Msikimbie. Malizeni kwa mwendo uleule, na mkifika mlangoni subirini ndani kidogo mpaka ipungue, kwa sababu mawe ya nje ndiyo yatakayokuwa na utelezi mkali. Mto ukiwa umejaa, msishuke kuuangalia. Mpigieni simu dereva aje hadi pale mapokezi badala ya kungoja barabara kuu, maana kilomita 2.5 za tope na watoto waliochoka ni ndefu.